Kikombe kizuri kinywewe leo: barua zenu kuhusu vyombo vya nyumba ndogo

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba nyumba ya watu wawili watatu haina haja ya seti ya vipande 72, basi barua zikaja kama mvua, wengine mmekubali na wengine mmenigombeza kabisa kwamba sasa mgeni akija atakulia wapi. Nimechukua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana nusu ya barua zote zilikua zinauliza hichohicho kwa maneno mengine, hizo nyingine ntaenda nazo haraka kidogo.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni bi harusi mtarajiwa, ndoa mwezi wa tisa inshallah. Tumepata chumba na sebule Tabata, jiko ni kakona tu kana shelfu mbili. Kwenye kicheni pati nilipewa seti mbili kubwa, moja ya melamini ina maua mekundu, moja ya udongo ina mstari wa dhahabu, alafu glasi dazeni tatu na hotipoti nne. Mama mkwe anasema ile ya udongo ikae kabatini ya wageni, sisi tutumie melamini. Mwenzangu anapenda chai ya moto sana kwenye kikombe kikubwa na kwenye seti zote hakipo, ni vile vidogo vya visahani. Nina laki moja tu ya kuongezea. Nianzie wapi na hivi vingine nifanyeje? – Bi harusi, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, Mungu awajaalie. Ntaanza na hilo la kabati maana ndo linaloniuma.

Nyumbani kwetu Moro kulikua na kabati la vioo sebuleni, ndani yake vikombe 12 vya maua ya bluu na visahani vyake, mama alivinunua kabla mi sijaanza shule. Sisi chai tulinywea vikombe vya plastiki vya kijani vilivyotafunwatafunwa ukingoni, ukikiweka mdomoni asubuhi unasikia harufu ya maharage ya jana. Mwaka jana nikaenda kumsaidia mama kuhama, nikavitoa vile vya maua nivifunge kwenye magazeti, nikakigeuza kimoja nikakuta stika ya bei bado iko kitakoni, imekauka imekua rangi ya chai. Cha pili hivohivo. Cha tatu hivohivo. Miaka zaidi ya 30 na stika haijabanduka. Na wageni walikuja sana tu kwetu, ila mama alikua anaogopa vitavunjika, akawa anawapa soda kwenye glasi. Yaani havikunywewa na wageni wala na sisi, na baba ameondoka hajawahi kunywea hata kimoja.

Kwahiyo mwanangu ile seti ya udongo itoe mtumie nyinyi, kuanzia siku mnayohamia. Itavunjika viwili vitatu, sawa, vimevunjika vikiwa kazini. Mama mkwe wala usibishane nae, akija mpokee vizuri, chai yake mletee kwenye kikombe chenye mstari wa dhahabu na kisahani chake, ataona mwenyewe kwamba vyombo vya wageni havijapotea. Na hilo la wageni wengi lisikutishe, ikija shughuli ya watu 60 hakuna atakaekula kwenye seti ya kabatini kwako, mtakodi au mtaazima kwa majirani au mpishi atakuja na vyake, ndivo tunavofanya siku zote.

Hesabu yangu mi ni hii: wanaolala hapo ndani mara mbili, ongeza mbili. Nyinyi ni wawili, inakuja sita. Vya asubuhi vikiwa kwenye beseni vinasubiri maji, vya jioni vipo, na wakitokea watu wawili ghafla hukimbii kwa jirani. Ukizidisha sana unajitengenezea mlima, maana vyombo vikiwa vingi watu hawaoshi, wanachukua kingine safi tu mpaka beseni linajaa.

Sasa laki yako. Anza na kikombe cha chai cha mwenzio kwa sababu hicho ndo kitashikwa kuliko chombo kingine chochote humo ndani, kila siku asubuhi na jioni. Mtu anaependa chai nyingi anataka kikombe cha mililita 300 mpaka 350. Kama hujui ni kiasi gani, chukua chupa ya maji ya nusu lita, kikombe kizuri kinakula zaidi kidogo ya nusu ya chupa hiyo. Vile vidogo vya visahani vingi vinabeba mililita 200 hivi, ndo maana anajaziwa mara mbili na ya pili inakua imeshapoa.

Dukani kichukue kikombe kimoja ufanye hivi na usione aibu muuzaji akikuangalia. Kishike kana kwamba kina chai ya moto, na kama mwenzio yupo ashike yeye: vidole vitatu vinapita kwenye mkono wa kikombe bila vifundo kugusa ubavu? Vikigusa ndo vitakavoungua kila asubuhi. Pitisha kidole ukingoni mzunguko mzima, taratibu, alafu rudia na ukucha, ukisikia kitu kama kichanga hata kimoja rudisha, pale ndo patakapomegeka. Kigeuze. Kitakoni kuna duara halina mng'ao, ndo pale kilipokua kimesimamia kwenye tanuru, liguse, likikwaruza kama msasa litachora meza yako na litachora kila kikombe kitakachokaa chini yake. Hapohapo angalia kama kitako kimebonyea sana, maana ukikifudikiza kikauke kinabaki na kidimbwi cha maji juu, ukikiinua asubuhi yanakumwagikia. Lowesha kidole uguse tena lile duara, doa la maji likinywewa haraka ujue huo udongo umechomwa kwa moto mdogo, nyuzi joto 1,000 na kitu, bado unakunywa maji, ukiuweka kwenye maikrowevu mkono wa kikombe utakua wa moto kuliko chai yenyewe. Maji yakikaa juu kama tone kwenye kioo, huo umechomwa nyuzi 1,200 kwenda juu, huo chukua. Mwisho kikalishe kwenye kiganja bila kukibana, kigonge na ukucha: kizima kinalia *ting* na sauti inakaa kidogo, chenye ufa kinajibu kama umegonga ubao. Gonga kila kimoja hata kama unachukua dazeni, vyombo vinasafiri mbali kwenye maboksi na ufa mwingine hauonekani kwa macho.

Baada ya vikombe, sahani zenye kina, zile wengine wanaita sahani za supu. Hili nalisema kila mwaka na ntaendelea kulisema. Chakula chetu ni wali na mchuzi, ugali na mlenda, maharage ya nazi, ndizi nyama, sasa niambie hapo ni kipi kinachopenda sahani bapa? Mchuzi unakimbilia ukingoni, wali unabaki mkavu katikati, mtoto akibeba anamwaga. Sahani yenye kina cha vidole viwili inashika mchuzi na inasaidia mkono kukusanya tonge pale ubavuni. Upana pima kwa shibiri yako, shibiri moja tu yaani sentimita 20 mpaka 22 inatosha, zile za sentimita 27 zimetengenezewa meza za Ulaya za kisu na uma, kwenye shelfu yako ndogo zitaning'inia na kwenye kichanja cha kukaushia hazitaingia. Kwenye seti yako ya udongo zikiwemo sahani za supu sita, basi umeshamaliza, hununui nyingine.

Mabakuli manne ya nusu lita, ya uji, mtori, matunda, mboga. Chukua yale yanayoingiana, bakuli ndani ya bakuli, kwa jiko la kona hilo ndo jambo la kwanza kuliko hata rangi. Na rangi nayo, mi nashauri nyeupe au rangi moja iliyotulia. Ukinunua ya dizaini maalum ikivunjika huipati tena, nyeupe utaipata mwakani na mwaka wa tatu, ata ikipishana kidogo na za mwanzo ukiweka wali juu hakuna atakaejua. Muulize muuzaji kabisa: hizi ntazikuta tena? Akikwambia mzigo huu ukiisha umeisha, ziache. Kariakoo maduka mengi ya jumla yanauza kwa dazeni au nusu dazeni, kwahiyo tafuta rafiki mgawane dazeni, bei inashuka na wote mnabaki na akiba ya aina moja.

Vingine: glasi baki na sita, zile za mdomo mpana ambazo mkono wako unaingia kuosha mpaka chini. Hotipoti mbili. Melamini iwe ya vitu vikavu na vya baridi, mkate, chapati zilizopoa, matunda, karanga, na barua inayofuata utaona kwanini. Mstari wa dhahabu ni madini kweli, usiingize kwenye maikrowevu utatoa cheche, na usisugue kwa steliwaya. Vinavyobaki wape watu, mdogo wako anaeanza maisha, msikiti au kanisa lenu, waliokupa walitaka uanze vizuri.

SWALI: Dada habari. Nina mtoto wa miaka miwili na bakuli lake la melamini lina picha za katuni analipenda mno, uji hanywi kwenye chombo kingine. Shoga yangu kaniambia melamini ni sumu iliyoua watoto China. Nimeogopa sana. Nifanyeje? – Mama wa mmoja, Morogoro

JIBU: Pole mama, usiogope kiasi hicho, tutenganishe mambo mawili. La China ni la 2008, watu walichanganya unga wa melamini ndani ya maziwa ya watoto ili yakipimwa yaonekane yana protini nyingi, watoto sita walikufa na karibu laki tatu waliugua. Pale melamini ililiwa yenyewe, kwenye maziwa, kila siku. Bakuli ni kitu kingine, ni melamini imeunganishwa na kemikali nyingine inaitwa formaldihaidi ikawa gumu kama jiwe, na kwa chakula cha baridi au cha vuguvugu haina shida.

Shida ni joto. Ikipita nyuzi 70 lile gumu linaanza kuachia kemikali zake kidogokidogo, na zaidi kama chakula kina uchachu, ndimu, ukwaju, nyanya. Uji ukitoka kwenye sufuria unakaribia nyuzi 100. Mama wengi tunamimina uji wa moto bakulini kisha tunaanza kuupepea, hapo ndo kosa lilipo. Wewe poozea kwenye chombo kingine, bakuli la stenlesi au la udongo, ukishakua wa kunyweka kwa mtoto ndo umimine kwenye katuni zake, atafurahi na wewe utalala. Kwenye maikrowevu lisiingie kabisa, hata kupashia kidogo. Na siku ukiona ndani limepoteza mng'ao, limefifia, lina mikwaruzo inayoshika rangi ya manjano ya bizari, liondoe, limeshachoka. Tafuta stenlesi dogo lenye kitako kipana, hilo ata akilirusha ukutani mara kumi litadumu mpaka mdogo wake alirithi, ila stenlesi nayo inapitisha joto haraka hivyo mshikie wewe mpaka ipoe.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Nimeletewa zawadi ya vikombe kutoka Uingereza, vyepesi vizuri mno, chini vimeandikwa Bone China. Binamu yangu anasema ni mifupa ya wanyama imesagwa humo. Ni kweli? Na je vile vyombo vya China vya nyanya yangu Lamu, vilivyokua vikikaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, navyo vina mifupa? – Binti wa Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Ni kweli, na nimefurahi umeuliza maana vikombe hivi viko kwenye nyumba nyingi na wenyewe hawajui. Majivu ya mifupa, hasa ya ng'ombe, yanachanganywa na ule udongo mweupe, na kwenye vile vya Uingereza yanaweza kufika karibu nusu ya mchanganyiko wote. Mifupa inachomwa kwanza kwa nyuzi 1,000 hivi mpaka nyama, mafuta na uboho vyote vimeteketea, kinachobaki ni unga mweupe wa kalisi na fosfeti, na huo ndo unaokifanya kikombe kiwe chembamba, cheupe kama maziwa na bado kigumu kumegeka. Kinyanyue dirishani uweke vidole nyuma yake, utaviona vivuli vyake. Waliokipatia utaratibu huo ni Waingereza wa mji wa Stoke-on-Trent, kiwanda cha vyombo cha Spode, mwishoni mwa miaka ya 1700.

Kwahiyo vya nyanya yako hapana. Porseleni ya China ni ya kale kuliko hiyo kwa karne nyingi na ni udongo mweupe na mawe ya kusagwa, haina mfupa. Ndo hiyohiyo wazee wa pwani waliipamba kwenye zidaka za Lamu, na ata makaburi ya mnara ya Kunduchi huku Dar yalijengewa mabakuli ya China ndani ya chokaa, ukienda leo utaona mashimo ya duara pale yalipong'olewa. Ukivirithi vya nyanya vishike kwa mikono miwili.

Kuhusu kuvitumia, hukumu ni ya sheikh wako, mpelekee haya niliyokuandikia hasa hilo la kuchomwa mpaka kuwa majivu, maana swali lenyewe liko hapo. Kama moyo hautulii basi dukani tafuta vilivyoandikwa Porcelain, au New Bone China, hivo vya New havina mifupa pamoja na jina, wameweka madini mengine.

SWALI: Dada mambo. Mi kijana naishi geto Mwanza, sitaki makuu, nimenunua sahani za mtumba za maua ya njano na machungwa, nasikia zimetoka Marekani, nzuri na bei poa. Jamaa zangu wananitisha eti zina risasi. Risasi gani tena? Alafu zimejaa mistari ya kijivu haitoki. – Kijana, Mwanza

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo risasi ni madini ya risasi, yale ya betri za gari, zamani yaliwekwa kwenye rangi na kwenye ule mng'ao wa vyombo, yaani lile tabaka kama kioo linalofunika udongo, ili ving'ae na rangi ikolee. Yakiingia mwilini yanakaa, na kwa watoto wadogo yanaharibu ubongo, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwahiyo jamaa zako hawakutishi bure.

Mtumba mi siupingi, vyombo vingine vya mtumba ni imara kuliko vipya. Ila kagua. Pitisha kidole juu ya maua: ukiusikia mchoro umeinuka, rangi imepakwa juu ya mng'ao, na kama imeanza kufifia ujue iliyofifia imeshaliwa na mtu. Mchoro ulio chini ya mng'ao ni laini kama kioo, huo afadhali. Rangi za njano kali, machungwa na nyekundu za zamani ndo za kuogopwa zaidi, humo kadimiamu, madini mengine ya sumu, nayo ilitumika sana. Geuza usome jina, ikiwa ni Corelle, zile nyepesi za kioo cha tabaka tatu zilizoanza 1970, kampuni yenyewe imeshauri za kabla ya 2005 ziwekwe za pambo. Na sahani yenye mipasuko midogo kama nywele iliyosambaa usinunue ata kama ni bure, mafuta na uchafu vinaingia mule haviwezi kuoshwa.

Zako za njano na machungwa, kwa jicho huwezi kujua, kwahiyo mi ningezitundika ukutani, kweli zinapendeza, na ningeenda kununua sahani tatu nyeupe. Ukiendelea kuzitumia japo usiweke kachumbari yenye ndimu wala mchuzi wa nyanya, uchachu ndo unaovuta madini, na usilaze chakula humo kwenye friji mpaka asubuhi.

Mistari ya kijivu wala si mikwaruzo. Ni chuma cha vijiko na uma kimejipaka kwenye sahani kama penseli kwenye karatasi. Weka bikaboneti kidogo na matone ya limau, sugua na kitambaa polepole, itatoka. Kama haitoki, mng'ao umeshalika.

SWALI: Shikamoo bibie. Mimi ni mzee wa Tanga, mke wangu alitangulia, naishi na mjukuu. Chai nanywea kikombe cha bati cheupe chenye mdomo wa bluu tangu ujana. Kimebanduka hapa na pale. Mjukuu anataka nikitupe. – Babu, Tanga

JIBU: Marahaba haitoki kwangu babu, mi ndo nasema shikamoo. Na pole sana kwa kumpoteza bibi.

Hicho kikombe ni chuma kilichopakwa kioo kilichoyeyushwa, ndo maana kinadumu namna hiyo. Palipobanduka nje, kwenye kitako au ubavuni, ni kutu tu, kifute kikauke kila ukimaliza kukiosha, endelea nacho. Palipobanduka ndani au pale mdomo unapogusa ndo pabaya, kwa sababu kioo kikishaanza kubanduka kinaendelea, na chembe yake ni kipande cha kioo kinachoingia kwenye chai. Kama ni ndani, kistaafishe babu, usikitupe, kiwe cha kuchotea mchele au kuwekea miwani. Na mjukuu mwambie akutafutie kingine cha bati hichohicho cheupe chenye mdomo wa bluu, bado vinauzwa, akikuletea cha udongo kizito mkono utachoka. Chukua na cha kwake kabisa.

SWALI: Anti, vikombe vyetu vinashika weusi wa chai ndani sana, tunatumia maji ya kisima cha chumvi. Alafu kimoja mkono wake umekatika, kilikua cha mume wangu, naweza kugandisha na supaglu? – Mke wa mtu, Kigamboni

JIBU: Ni hayo maji mama. Maji yenye madini mengi yanashikana na rangi ya chai yanafanya utando, ule unaouona umeelea juu kikipoa, na ndo unaoganda ubavuni. Usitumie mchanga wala steliwaya, utachubua mng'ao na kesho weusi utashika mara mbili. Kila Jumamosi tia kijiko cha bikaboneti na maji ya moto, acha nusu saa, futa na sponji. Glasi zenye ukungu mweupe wa chumvi zisuuze na siki au limau, kisha maji ya kawaida, uzikaushe na kitambaa hapohapo zisijikaushie zenyewe.

Mkono usigandishe. Supaglu inalainika kwa joto na kwa kuoshwa, itashika siku nne tano, utafurahi, alafu siku ya sita utanyanyua chai ya moto mkono ubaki kwenye vidole na chai iende mapajani. Nimeona mtu ameungua hivo, jirani yangu kabisa, wiki tatu hakuvaa nguo ya kubana. Paguse palipokatika, kama pana ncha pitisha msasa, alafu kiweke karibu na jiko kiwe cha kusimamishia vijiko na mwiko. Mume wako atakiona kila siku akipita.